Daftari la Luku

Lilikaa kwangu miaka tisa,
jalada nimelishona kwa uzi wa cherehani.
Vyumba sita, mita moja, Ilala Bungoni.
Nani ana friji, nani ana pasi,
nani anaapa kwamba anachaji simu tu
na usiku koridoni kunanukia maharage ya koili.

Chumba cha kwanza, Salvatory, elfu saba.
Cha pili, Nyamizi, elfu nne,
zamu ya usiku wodini, taa yake hulala.
Cha tatu mimi.
Cha nne majina yamefutwa mara tano,
karatasi imetoboka hapo.
Cha tano, mafundi wawili wa grili, kitanda kimoja.
Cha sita Bi Mwanamvua, mwenye nyumba,
naye alichanga kama sisi.

Kodi aliipokea mwezi kwa mwezi.
"Ya miezi sita nitaihesabia wapi?" alisema.
"Mungu mwenyewe hanikopeshi hata wiki."
Mtaa mzima ulimcheka.

Arobaini yake haijaisha
akaja mtu na tepu ya kupimia.
Akapima ukuta, akapima uani,
akapima hata pale tunapoanika nguo,
salamu hakutoa.
Idrisa, mwanawe wa Goba, alisimama mlangoni na viatu:
"Mtanisamehe. Nyumba imeshalipiwa. Mwisho wa mwezi."
Patapanda ghorofa saba.

Dalali Mchopanga anataka elfu kumi ya kuonyesha
kabla hajavaa kandambili.
Kigogo: dirisha linatazama ukuta, miezi sita.
Buguruni: mwenye nyumba hataki cherehani, inakula umeme.
Yangu ya miguu, nikamwambia.
Basi hataki kelele.
Tabata: mwaka mzima mkononi,
na dalali mwezi wake, wa kumi na tatu.
"Mume yuko wapi?"
"Nimekuja kupanga chumba."
"Sawa, mama, lakini mume yuko wapi?"

Kivule walitaka ya miezi mitatu tu.
Plasta mbichi, maji ya boza,
na kutoka barabarani ni bodaboda ya elfu mbili.
Nani atanifuata huko
na sketi ya kupunguzwa kiuno?

Redioni wanazungumzia nyumba za bei nafuu.
Nafuu nilikuwa nalijua kwa Nyamizi:
analisema asubuhi akirudi kazini,
mgonjwa akimeza uji bila kulia.
Themanini mara sita,
laki nne na themanini.
Nimeipiga hesabu hiyo kwa chaki
upande wa ndani wa gauni la bibi harusi wa watu,
nikaifuta kwa kiganja,
nikaipiga tena, labda ingepungua.

Usiku wa mwisho mita ilisoma ishirini na tatu nukta nne.
Watu walinitazama mimi, mwenye daftari.
Gawa kwa vyumba sita?
Marehemu alichanga tarehe mbili, akafa tarehe saba,
hatudai wala hatumdai,
ila yeye anatudai.
Na uniti haifungwi kwenye kanga ukaondoka nayo.

Salvatory akasema: tuwashe.

Tukawasha. Koridoni, uani, chooni,
hata chumba cha sita, kitupu, chenye alama ya kabati ukutani.
Mafundi wakachomeka kila walichonacho.
Nyamizi akapiga pasi mashuka
ambayo asubuhi angeyakunja kwenye kiroba.
Mimi nilishona pindo bila kukaza macho,
mara ya kwanza katika miaka tisa.
Mpita njia akachungulia: "Kuna shughuli hapa?"
Tukamkaribisha chai.

Alfajiri zikabaki mbili nukta moja.
Tulishindwa kuzimaliza.

Daftari liko ndani ya robota la vitambaa,
kati ya satini na bitana.
Ukurasa wa mwisho nimeandika: salio, 2.1.
Mbele yake pa jina
nimepaacha.